Masale ya Mzee Israeli

Habari za vita hii ya Ikolo hazijapata kusimuliwa sawasawa kama zinavyosimuliwa hapa, pigo kwa pigo, na mtu aliyeyaona yote kwa macho yake mawili. Ni kweli kwamba siku ya mapanga yenyewe macho hayo mawili yalikuwa chooni, mlango umeegemewa kwa mgongo, lakini choo kile kina matundu mengi, na kelele za ndugu wawili wanaokatana hazihitaji kutazamwa. Mengine aliyaongeza Hosiana mwenyewe, mke wa ndugu mdogo, kisimani. Alikuwa na haki ya kuongeza. Jino lililotoka lilikuwa la mumewe.

Hebroni alirudi Jumanne mchana kutoka Karonga, alikokwenda kuuza mchele na kumsalimu shangazi yake. Akatua furushi la sabuni za Malawi mlangoni, akamsalimu mkewe, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba kujisaidia. Akarudi kabla hajamaliza, mkono mmoja umeshika suruali.

"Mama Tumpale!"

"Abee."

"Masale yako wapi?"

Mkewe, Atuganile, alikuwa ameinama juu ya ungo anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Masale yapi?"

"Ya baba! Ya mpaka! Hapa kwetu kuna mengine?"

Hakukuwa na mengine. Marehemu Mzee Israeli aliyapanda mwenyewe kabla hajafa, mstari ulionyooka kutoka kwenye mfereji hadi barabarani, akawaita wanawe wawili mbele ya majirani, akawaambia huku ni kwa Hebroni, kule ni kwa Asajile, na katikati ni hawa wasiosema. Yalikuwa masale ya aina yake, jani pana kama ulimi wa ng'ombe, na mstari wa njano katikati. Kila mtu wa Ikolo anajua isale ni mpaka. Likiguswa na moto halifi, mafuriko hayaling'oi, ukilikata linachipua, ukichomeka kijiti chake kinaota. Ndiyo maana wazee waliliamini kuliko walivyowaamini watoto wao.

Na sasa pale kati ya kakao za kaka na kakao za mdogo palikuwa na tope tupu, laini kama uji uliomwagwa kwenye sinia.

Atuganile alijua yalipo. Angeshindwaje kujua? Ni yeye aliyeyakumbatia moja moja kama wajomba waliolewa, akayapandisha kwenye pikapu.

Aliyekuja na pikapu anaitwa Stella, msimamizi wa loji moja kule Matema, mwanamke wa viatu vyeupe hata penye tope. Alikuja Hebroni akiwa Malawi na nyumba nzima ya Asajile ikiwa msibani Ngonga. Akasimama mpakani akayatazama masale kama mtu anayechagua mchumba.

"Mama, haya maua unauza?"

Atuganile aligeuka kutafuta maua. "Maua gani?"

"Haya. Tunataka ya kuweka ndani. Kwenye varanda na vyumbani."

"Masale? Chumbani?"

"Wazungu wanayapenda sana, mama. Wanaweka karibu na kitanda."

"Kwa nini? Mume na mke wamegawana kitanda?"

Stella alicheka, akataja bei, na Atuganile akaacha kucheka. Bei ile ilikuwa vitenge vya sare ya kwaya, pamoja na ushonaji, na chenji ya chumvi inabaki. Tangu Pasaka alikuwa anaimba nyuma ya ngoma kwa sababu hana sare. Kwaya ilipopigwa picha ya kalenda, mwalimu alimwangalia kwa huruma ile inayouma kuliko tusi, akamwambia, "Mama Tumpale, wewe tushikie mikoba." Akaishika. Kwenye ile picha inaonekana ncha ya kiwiko chake na mikoba kumi na kitu.

Wala hakuwa mjinga. Alikata matawi, akayachomeka kwenye mashimo yale yale kabla pikapu haijafika barabarani. Isale halifi, alijiambia, msimu mmoja tu litakuwa limeshika na hakuna atakayejua. Wiki ile ile mto ukajaa. Maji yakapita shambani yakiwa yanafika magotini, yakaja na magogo na kandambili za watu, yakaondoka na vijiti vyake vyote.

Kwa hiyo swali lilikuwa masale yako wapi, na jibu lilikuwa Matema. Lakini jibu jingine lilikuwa limekunjwa chini ya godoro, jipya, halijavaliwa hata Jumapili moja. Atuganile alipuliza makapi kwenye ungo.

"Mimi naulizwa kwa nini? Muulize mdogo wako."

"Asajile?"

"Sijasema Asajile. Nimesema muulize."

"Ulimwona?"

Hapo mlango ulikuwa bado wazi. Angeweza kutoka. Angesema hapana, angesema labda maji, labda ng'ombe.

"Nilisikia jembe," akasema. "Jembe la nani lingelia upande ule?"

Hebroni alifunga suruali vizuri. Akaingia ndani, akatoka na panga.

Asajile alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, sahani ya wali na dagaa magotini. Alipomwona kaka yake anavuka tope, alisogeza kigoda kumpa nafasi.

"Ugonile, kaka. Malawi wazima? Hosiana, leta sahani nyingine."

Hebroni aliipiga sahani teke. Wali ukamrukia Asajile usoni, dagaa wakamnasa nywelani.

"Umekunywa pombe gani huko?" Asajile akasema, bado anacheka, anajifuta. Alikuwa mtu wa kucheka haraka na kukasirika polepole, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya yake, maana kaka yake alichukulia kicheko kuwa ndilo jibu.

"Masale ya baba yako wapi?"

"Si yako pale mpakani?"

"Unanicheka!"

Ubapa wa panga ulimpata Asajile kinywani. Sauti yake ilikuwa kama kofi kwenye unga uliokandwa. Akaanguka na kigoda chake, na Hebroni akampiga tena mgongoni, na tena, kwa ubapa, akihesabu majina ya baba yao na babu yao. Asajile alitambaa hadi kwenye ule wali uliomwagika, akatema, akautafuta kwa vidole, akaokota jino lake kati ya dagaa. Akalitazama. Ndipo akaacha kucheka.

Hosiana alitoka jikoni na mchi wa kinu. Alimpiga Hebroni begani, na bega likalia kama kuni kavu. Panga likaanguka. Akauinua mchi mara ya pili, na Hebroni akakimbia, mwanaume mzima, mkono mmoja unaning'inia.

"Atuganile!" Hosiana alipaza sauti kupitia migomba. "Gwe Atuganile! Toka nje umchukue mumeo! Mwambie akirudi hapa namtwanga mpaka atoke pumba!"

Atuganile alikuwa amesimama nyuma ya migomba yake, mwiko mkononi. Alitaka kujibu tusi kwa tusi kama ilivyo desturi kati yake na Hosiana.

"Mwizi mkubwa mumeo!" akasema hatimaye, na hata yeye mwenyewe aliona tusi lile halina chumvi.

Asajile alikuja hadi kwenye lile tope la mpaka, damu inamchuruzika kidevuni, jino liko kiganjani. Alilitazama tope kutoka mferejini hadi barabarani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwamba masale hayapo.

"Shemeji," akasema taratibu, maneno yanapita kwenye pengo, "nimeitwa mwizi kabla sijaiba. Basi sawa."

Asubuhi iliyofuata Atuganile aliamshwa na mlio wa shoka. Asajile alikuwa ameingia kwenye kakao za kaka yake, mistari miwili ndani, ile mistari miwili ya karibu na mpaka inayozaa kuliko shamba lote. Hakuikata miti. Alikuwa anakata matawi ya kufanyia njia, na nyuma yake Hosiana alikuwa anachomeka vijiti vya masale ya kijani, aliyoyatoa kwenye makaburi ya kwao, mstari ulionyooka vizuri kabisa.

"Mpaka wa baba ndio huu," Asajile alimwambia kila aliyepita njiani. "Tangu zamani. Kaka alikuwa amenisogelea kwa sababu mimi ni mdogo."

Mistari ile miwili ndiyo iliyoezeka nyumba ya Hebroni. Ndiyo iliyompeleka Tumpale chuo cha ualimu. Bila mistari ile wangebaki na mpunga wa kula na kakao za kuchezea kuku. Atuganile alisimama kwenye kivuli cha miti ambayo jana ilikuwa yake, akaona shemeji yake anachuma matunda ya njano, anayapasua kwa panga, anatupa maganda miguuni pake.

"Shemeji, acha."

"Kwani vipi, shemeji? Nenda kasikilize kama kuna jembe linalia."

Kumbe maneno yalikuwa yameshafika.

Hebroni alikaa ndani bega limefungwa kanga. Siku bega lilipoweza kuinua mkono, alitoka. Hakumwambia mkewe anakwenda wapi, na mkewe hakuuliza. Walikutana pale pale kwenye vijiti vipya, ndugu wawili waliolala kitanda kimoja hadi wanabalehe, na safari hii hakuna aliyetumia ubapa.

Hawakutukanana. Hilo ndilo lililowatisha waliosikia. Zilisikika pumzi tu, na majani makavu ya kakao yanavunjika, na chuma kikigonga chuma, kisha chuma kikigonga kitu kingine. Asajile alikatwa pajani, mkato mrefu, nyama ikafunguka kama tunda la kakao lenyewe. Akapiga goti. Kutoka pale chini alirusha panga juu, na Hebroni akauinua mkono wa kushoto kujikinga.

Atuganile alifika anapiga yowe. Mumewe alikuwa amesimama anautazama mkono wake kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda kuchukua nini. Vidole viwili havikuwepo. Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo. Atuganile alikuwa ametoka ndani na kitu cha kwanza kilichoingia mkononi, akakizungusha kwenye ule mkono, akakaza kwa meno, na ni baadaye tu alipoona amekaza kwa sare ya kwaya. Ua jeupe la kitenge lilikuwa linageuka jekundu petali baada ya petali.

Hosiana, aliyekuwa anamfunga mumewe paja kwa mkanda, aliinua macho. Hata katikati ya damu, mwanamke anajua kitambaa kipya.

"Sare umenunua lini?" akauliza.

Atuganile alikaza fundo tena. Kidole kimoja kilipatikana kwenye majani, wakakizika nyuma ya nyumba. Cha pili hakikuonekana tena, na kuku wa Hosiana hawakuulizwa.

Hospitalini Kyela, Hebroni alilala na mkono umening'inizwa kwenye chuma. Askari walikuwa wamemchukua Asajile, wakamwachia kwa dhamana kwa sababu ya paja. Mwenyekiti wa kitongoji, Lameck, alikuja kuwatembelea wagonjwa akiwa na mabuti mapya ya mvua ambayo hakutaka yaguse sakafu yenye dawa.

"Tukishavuna mpunga, baraza litakaa shambani penyewe," alisema. "Atakayeonekana amehamisha mpaka ndiye atakayepoteza ile mistari miwili, na matibabu ya wote wawili ni juu yake. Mimi sitaki maneno mengi. Mnajua nyie watu mmenichosha? Nyumbani kwangu hata chai sinywi, kila asubuhi mtu anabisha hodi na bandeji."

Alipoondoka, Hebroni aliugeuza uso kwa mkewe. Ulikuwa umekonda, umekuwa uso wa baba yake.

"Mama Tumpale, shahidi wangu ni wewe peke yako. Utasimama useme ulichosikia."

"Nitasema."

"Bila wewe wangesema nina wazimu. Ndaga fijo." Hakuwa amemshukuru namna hiyo tangu mwaka aliomwoa. Akafunga macho, halafu akayafungua. "Na nikija kujua kuna mtu mwingine aliyeyagusa masale ya baba, yeyote yule, huu mkono wa kulia bado una vidole vitano."

Atuganile alimlisha uji. Kijiko kiligonga meno ya mgonjwa mara mbili.

Njiani kurudi Ikolo alipiga hesabu zake, nazo zilikuwa mbaya. Asajile ataapa kwamba vijiti vyake ndiyo mpaka wa baba. Ni uongo, na mtu mmoja tu hapa duniani ndiye anayeweza kuuonyesha ni uongo, kwa sababu yeye ndiye anayejua masale ya baba yako wapi. Majirani wanalikumbuka jani, lakini hakuna anayekumbuka mstari ulipita kati ya miti ipi. Akinyamaza, kakao zinaondoka. Akisema, ataondoka yeye, na huenda asiondoke akiwa mzima. Alifikiri hadi mpunga ukavunwa, ukapigwa, ukaanikwa. Ndipo akachota ndoo ya mchele mpya, akapanda bodaboda, akaenda Matema.

Milima ya Matema inayoanguka ziwani haikumshangaza. Alichokishangaa ni varanda. Masale ya Mzee Israeli yalikuwa yamepangwa kila upande wa mlango, kila moja kwenye chungu kikubwa cha Wakisi, wafinyanzi wa kule ziwani, kilichochorwa mistari myeupe. Yalikuwa yamenawiri kuliko alivyowahi kuyaona. Majani yanang'aa, kuna mtu alikuwa anayafuta kwa kitambaa. Kwenye moja, mgeni alikuwa ameanika bukta ya kuogelea. Mpaka ulioapiwa mbele ya majirani, umevalishwa bukta ya mzungu.

Walimkalisha nyuma ya jiko, kwenye kreti ya soda, hadi mchana. Mpishi alimpa maji ya kunywa kwenye kikombe kisicho na mkono. Stella alipotokea alikuwa na viatu vyeupe vile vile.

"Mama! Umeleta mengine?"

"Mwanangu, nimekuja kuomba moja lirudi."

"Kurudi? Mama, hayo ni mali ya loji. Nitamwambia nini bosi?"

"Mwambie limekufa."

"Halijafa."

"Mwanangu, nyumbani watu wanakufa."

Stella alimtazama. Kwa muda kidogo alionekana kama binti wa mtu. Kisha akainua kifuniko cha ndoo, akaona mchele wa Kyela, akanusa. "Lipo moja nyuma huko, limepata njano kwenye ncha. Bosi hajalipenda. Chukua na chungu chake, kimepasuka."

Mwenye bodaboda alimsaidia kulifunga kwa kitenge, chungu na majani, akambebesha mgongoni kama mgonjwa. Kila penye shimo alipunguza mwendo na kuuliza, "Bado anapumua, mama?" Atuganile akamwambia anapumua kuliko yeye.

Siku ya baraza, alfajiri, kabla moshi haujatoka kwenye jiko lolote, alikipiga kile chungu kwa jiwe, akavuta vigae, akachimba mahali penyewe ambapo isale la kati lilikuwa limesimama. Akalishusha, akalifukia, akarudishia majani makavu na magugu juu yake. Akanawa mikono mferejini. Jua lilipotoka alikuwa amekaa mlangoni anasuka mkeka, mwanamke asiye na haraka.

Wazee wa baraza walikuja na viti vyao. Watu wakaja bila viti. Hebroni alisimama upande mmoja, mkono umefungwa, na Asajile upande wa pili, anaegemea fimbo, mguu mmoja umekakamaa. Lameck alitafuta mahali pakavu pa mabuti yake.

"Asajile. Masale haya, unasema aliyapanda nani?"

"Baba. Naapa kwa kaburi lake."

Lameck aliinama akashika kijiti cha kwanza, akavuta kwa vidole viwili. Kikatoka. Chini yake kulikuwa na vimizizi vyeupe, laini, kama ndevu za mbuzi mchanga.

"Baba yako alikufa mwaka gani?" Lameck akauliza.

Watu walicheka hadi mama mmoja akakaa chini. Asajile aliangalia ardhi. Hosiana alimvuta shati, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia, "Nilikwambia tumwagilie."

"Sasa mpaka wenyewe ulikuwa wapi?" Lameck akasema. "Shahidi yupo?"

Atuganile alisogea mbele. Alikuwa amevaa sare ya kwaya. Doa halikutoka, alikuwa amelikunjia ndani. "Mimi, mwenyekiti. Nilisikia jembe, na yaliyong'olewa yaling'olewa. Lakini Kyala, Mungu wetu, ni mwema. Moja waliliacha." Akawaongoza hadi kwenye magugu, akayafunua kwa mguu.

Watu wakainama kutazama. Jani pana, mstari wa njano. Hakuna aliyekuwepo ambaye hakulijua.

"Mbona mimi sikuliona?" Hebroni akasema.

"Mafuriko yalilifukia, baba Tumpale. Limejiibua lenyewe. Si unajua isale."

"Isale halifi," mzee mmoja wa baraza akaitikia, na wengine wakatikisa vichwa. Macho ya Hebroni yalijaa maji. Hata Asajile alisogea, akapiga goti moja kwa shida, akaligusa lile jani kama anayemwamkia mtu mzima.

"Shikamoo baba," akasema taratibu, na pengo lake likaonekana. "Nimekosa."

"Basi," Lameck akasema, anakohoa kusafisha koo la hukumu. "Mistari miwili ni ya Hebroni. Asajile, matibabu ni yako. Inuka."

Asajile alijaribu kuinuka. Paja lilikataa. Fimbo ilikuwa imebaki kule kwenye vijiti, kwa hiyo alifanya ambalo mtu yeyote angefanya: akashika shina la isale la baba yake ili ajivute.

Likamfuata.

Lilitoka lote, kwa wepesi, kama karoti, na Asajile akaanguka chali nalo limemlalia kifuani. Chini yake mizizi ilikuwa imejikunja pamoja na udongo wake, duara lililokamilika, kitako cha mviringo, shingo imebana. Haukuwa udongo mweusi wa Ikolo. Ulikuwa mchanga wa kijivu wenye vijiwe vilivyolainishwa na mawimbi, na ulianza kumwagika shatini mwa Asajile.

Hosiana alichuchumaa. Alipitisha kidole kwenye mizizi, akabandua kitu, akakipangusa kwenye kanga. Kilikuwa kigae cha chungu, chekundu, kina mistari miwili myeupe iliyochorwa kwa mkono. Akampa shemeji yake. Hebroni alikipokea kwa mkono wa vidole vitatu, akakihamishia wa kulia, akakisugua kwa dole gumba, akakigeuza.

"Mama Tumpale."

"Abee."

"Baba alipanda isale kwenye chungu cha Wakisi?"

"Si nimesema mafuriko," Atuganile akasema haraka. "Yalileta uchafu wa kila aina. Magogo, kandambili, vyungu—"

"Mafuriko yanatoka huku yanakwenda ziwani," Hosiana akasema. Alikuwa hatazami isale tena. Alikuwa anatazama sare, pale ilipokunjiwa ndani. "Hayarudi na chungu."

Lameck alisahau mabuti yake, akakanyaga tope.

Hebroni alimnyooshea mkewe kile kigae amshikie. Mkono wake wa kulia alitaka uwe mtupu.